Pengo la Mutua
Kwa miaka miwili Mutua, karani wa ofisi ya maji pale Lodwar, alimpenda Nakeno, mwalimu wa chekechea. Na kwa miaka hiyo miwili Nawoi, mama yake Nakeno, alimkatalia. Hakumkatalia kabila wala mshahara. Alimkatalia meno.

"Wewe iko na meno ya chini yote," alimwambia kila alipoleta posa. "Kama punda. Mimi napea punda msichana yangu?"

Watu wa rika la Nawoi walikuwa wameng'olewa meno mawili ya mbele ya chini tangu utotoni, na mwenye safu kamili waliona hajamalizika kuumbwa. Mutua alikuwa Mkamba, aliyelelewa Mwingi na shangazi mkali wa mswaki. Alimpenda Nakeno, ndiyo, lakini koleo la kung'olea meno nalo ni koleo.

Basi mwaka wa 1996, akila mkate uliochovywa kwenye chai, jino la mbele la chini likatoka lenyewe, bila maumivu, kama mgeni anayeaga kwa adabu. Wiki ya pili mwenzake akalifuata. Mutua akajitazama kwenye kioo, akalia kidogo, kisha akafanya jambo la aibu: akavaa shati safi, akaenda kwa Nawoi, akacheka mdomo wazi.

Nawoi alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika. "Kijana amekubali kung'olewa!"

Mutua hakusema ndiyo, hakusema la. Harusi ikapangwa kanisani, naye akawa anaitwa chai nyumba hadi nyumba, chai ya sukari inayosimamisha kijiko. Kiu haikumwacha hata hivyo. Alidhani ni Lodwar tu, ambako hata kuku hushinda midomo wazi.

Jino la tatu lilipoanza kucheza, akaogopa. Nani anataka bwana harusi wa kulishwa uji? Akadandia lori la ofisi hadi Kakuma, kambini, kwa Mabil, mkimbizi wa Kidinka aliyekuwa akitibu meno kwenye kliniki. Mabil naye alikuwa na pengo chini, la mila ya kwao, na alipoona la Mutua akamkumbatia.

"Ya akhi, ndugu yangu! Hata Wakamba siku hizi!"

"Yalianguka yenyewe," Mutua akanong'ona.

Mabil akaacha kucheka. Akabonyeza fizi, zikatoa damu na usaha. Akatazama ulimi, ukavu mtupu na utando mweupe juu. Akainama akanusa pumzi yake.

"Unakunywa maji mingi? Unakojoa mingi?"

"Sana."

"Basi meno haina makosa. Meno imeleta habari tu. Mgonjwa ni damu."

Akampeleka chumba cha pili, mkojo ukapimwa, ikawa ni ugonjwa wa sukari. Mutua akapewa vidonge na amri moja: chai ya sukari, kwaheri.

Njia nzima ya kurudi aliumia kichwa. Akiikataa chai ya Nawoi bila sababu, ni tusi. Akiitaja sababu, pengo lake ni la uongo na Nakeno amemponyoka. Alipofika, kikombe kilikuwa kimeshajazwa, kinafuka mvuke. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa koleo. Akakisukuma kando, akasema yote, hata ile siku ya shati safi.

Nakeno akaziba mdomo kwa kiganja, isijulikane kama analia au anacheka. Nawoi akamgeukia Mutua.

"Mutua, unajua sisi natoa meno kwa nini?"

"Ni urembo, mama."

"Urembo ilikuja nyuma. Iko ugonjwa ya kufunga mdomo. Mtu anauma meno, hawezi fungua, anakufa na njaa. Kama iko pengo, unapitisha maziwa hapo, anaishi." Akakichukua kile kikombe, akamwaga chai mchangani. "Pengo ni ya mgonjwa. Na wewe ni mgonjwa. Sasa uongo iko wapi? Nakeno! Lete huyu bwana yako maziwa, na sukari usiguse."