Nilivyomharibia Dada Posa kwa Mkono wa Mrusha Besiboli

Nimekosa, jamaa zangu! Niliamini kabisa kwamba mrusha mpira wa besiboli akistaafu, mkono wake wa kulia huandikishwa polisi kama bunduki. Akiutumia hadharani bila kibali, jela! Mimi huyu, mwenye cheti cha masomo ya jioni, nilichokitundika sebuleni kikubwa kuliko dirisha!

Habari nilipewa na rafiki yangu mkahawani Edgware Road, hapa London. Aliapa mara tatu. Nani angebisha?

Basi, dada yangu mkubwa, mjane, aliposwa na Bwana Idrisa, Mmarekani aliyesilimu. Alirusha mipira miaka ishirini, mikali hata watu wakiisikia tu bila kuiona, kisha akaja London kufundisha watoto bustanini. Familia ikanituma nimchunguze, desturi yetu Wazanzibari. Badala ya kumuuliza mwenyewe, nikamwendea yule mpiga soga wa mkahawani!

Siku ya posa, kwetu Kingsbury, Bwana Idrisa alikuja mwenyewe maana hana jamaa huku. Sinia la biriani likatua. Akala kwa mkono wa kushoto! Mbele ya Shangazi! Chumba kizima kikaacha kutafuna.

"Mtu gani huyu, baba?" Shangazi akaninong'oneza.

Nikavimba kama andazi. "Shangazi, ule wa kulia ni silaha. Akiuinua tu, polisi mlangoni!"

"Yaa Rabbi! Tumpe huyo mtoto wetu?"

Posa ikakataliwa kabla ya kahawa. Masikini dada! Alilia jikoni, na hakunisemesha tangu Mfunguo Mosi hadi Rajabu.

Leo wameoana, alhamdulillahi. Lakini siku ya nikaha mimi, ndugu wa damu, niliwekwa mlangoni kulinda viatu. Viatu! Na nilistahili.

Ndugu msomaji, ukitumwa kumchunguza mtu, mfuate mwenyewe. Mimi nilichelewa miezi tisa, mpaka Shangazi alipochoka na machozi ya dada, akanikokota hadi bustanini.

"Haya, muulize!"

Nikajikaza. "Bwana Idrisa, kibali cha mkono wako unakipatia wapi?"

Alinitazama, akamtazama Shangazi, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

"Kibali gani, kaka? Nilirusha mpaka kiwiko kikaharibika. Hakikunjiki. Mkono haufiki mdomoni."