Krimu ya Chokoleti kwa Samli ya Lingeka

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo humaanisha kwamba wanaipenda familia. Mimi namaanisha kwamba sipendi kutoka. Cherehani yangu iko barazani, jiko langu liko uani, kitanda kiko katikati, na bado sijaona sababu ya kutosha ya kuvuka barabara yetu ya Somanda, ambako bodaboda hupita kama wanaofukuzwa na nyuki. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kushona sare za shule, nikaoa muuguzi. Kwa mpango huo, wa kutoka ni yeye. Yeye anakwenda zamu hospitalini, mimi nabaki na nguo za watu, kuku na masufuria.

Kupika nilifundishwa na njaa. Kuoka keki nilifundishwa na wivu. Mke wangu alikwenda semina Mwanza akarudi na habari ya keki. Semina yenyewe ilihusu nini, mpaka leo sijui. Lakini keki! Nyeusi, alisema, na juu yake krimu ya chokoleti, nzito, inang'aa, ukipitisha kijiko inabaki na mfereji kama shamba lililolimwa kwa ng'ombe. Aliizungumzia wiki nzima kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuzungumziwa nayo. Nikasema hapana, siwezi kushindwa na keki.

Nikaingia kwenye simu. Huko kuna mabinti wa Dar wenye kucha ndefu na mashine za kupigia krimu, nao husema, "Ni rahisi sana, wapenzi wangu." Siagi, sukari iliyosagwa laini, kakao, chumvi chembe, maziwa tone kwa tone, piga mpaka ilainike. Hawasemi kwamba ukiipiga hapa Bariadi kabla ya mvua, jua likiwa limelala juu ya bati, siagi ya kopo inageuka mafuta ya kujipaka. Niliharibu mara nyingi. Zilizoharibika nilizila mwenyewe ili ushahidi usibaki. Zilizofaulu nilizila pia, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Nilikuwa nimefika hapo katika elimu yangu ilipokuja komunyo ya kwanza ya binti yetu, na pamoja nayo akaja mama mkwe kutoka Lingeka, huko Meatu.

Alikuja na kuku jike mmoja, kibuyu cha samli kilichozibwa kwa gunzi la hindi, na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Mke wangu alikuwa amembembeleza muda mrefu: njoo, ukae kwetu, kidonda kisafishwe hospitali kila siku mpaka kifunge. Hatimaye alikubali, kwa ajili ya mjukuu. Mguu alisema ameuleta tu kwa sababu hakuweza kuuacha.

Tatizo likawa kula. Sisi Wasukuma, kwa zile familia zinazoshika mila, mkwe na mama mkwe huheshimiana mpaka wanakaribia kutofahamiana. Simpi mkono. Simtazami usoni. Nikitokea njia hii, yeye anatafuta njia ile. Wazee wa ukoo wao wanaweza kukaa na kulegeza jambo hili, na waliahidi kukaa pamba ikishauzwa. Pamba imeuzwa, ikapandwa nyingine, ikauzwa tena. Wazee hawajakaa. Sijui wanafanya nini wamesimama muda wote huo.

Basi chakula alichopika binti yake alikula, chumba cha ndani, mgongo ukiwa umeelekea mlangoni. Nilichopika mimi hakukigusa. Na mke wangu akishika zamu, mpishi ni mimi. Siku hizo mama mkwe alishinda na ndizi mbivu na dawa za hospitali, akisema yuko salama kabisa, kwa sauti ya mtu asiye salama.

"Jumatatu naanza zamu ndefu," mke wangu aliniambia. "Kama hali chakula chako, atarudi Lingeka. Ameshaniuliza habari za basi. Na akirudi na kidonda kile..."

Hakumalizia. Wauguzi hawamalizii sentensi za aina hiyo, wameshaona zinakoishia.

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Mfanye ale. Si unasema wewe ni mpishi?"

Nikaamua kwamba silaha yangu ni keki. Nani atakataa keki ya komunyo ya mjukuu wake? Nitaipaka krimu ya chokoleti nzito, yenye utajiri, mpaka mila yenyewe ivute kiti. Nilikuwa na majivuno ya kiwango cha mtu ambaye bado hajaanza kazi.

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, alifika shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyeolewa Mwamapalala. Alikuja kusaidia. Msaada wake ulikuwa kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuniangalia.

"Shemeji, hiyo kanga uliyojifunga imekupendeza. Ya dada, au umenunua yako?"

"Hii ni aproni."

"Aproni ina maandishi ya kumsema jirani?"

Keki yenyewe iliiva vizuri, moto chini na makaa juu ya mfuniko, ikapanda bila kupasuka. Nikaiepua, nikaiacha ipoe, nikanyoosha mkono kuchukua kopo la siagi. Jepesi. Nikafungua. Humo ndani mlikuwa na alama za kijiko tu. Wiki nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya krimu, na nilifanya kwa bidii kubwa.

"Nenda dukani, shemeji," nikamwambia.

"Mimi mgeni. Nenda wewe. Duka si hilo hapo ng'ambo?"

"Jua hili?"

"Nenda, na mimi nione. Huko Mwamapalala tunasikia tu kwamba kuna siku ulitoka."

Hapo ndipo macho yangu yalipoangukia kibuyu cha samli, pale pembeni, na gunzi lake.

Shemeji akayafuata macho yangu. Kicheko kikamkauka. "Hapana, shemeji. Hicho cha mama."

"Siagi ni mafuta, samli ni mafuta."

"Mkwe kufungua kibuyu cha mama mkwe? Wewe umekula nini leo?"

"Krimu," nilisema, na ilikuwa kweli. "Geukia ukutani, usije ukawa shahidi."

Akageuka, mabega yakimtikisika. Nikavuta gunzi. Mtu mwingine angevuka barabara. Mimi niliona ni nafuu kuvunja mila ya Wasukuma.

Nikachemsha maziwa na sukari na kakao, nikakoroga mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Ikiwa bado inatokota nikamimina samli, maana wale mabinti wa kwenye simu hawajawahi kuoneshwa kibuyu, na nilikuwa peke yangu katika sayansi hii. Kwa kitambo kidogo ilipendeza mno, nyeusi, inang'aa. Kisha mafuta yakaanza kupanda juu, taratibu, kama watu wanaotoka msibani. Chini kukabaki kitu chenye chembechembe kinachofanana na udongo wa mfinyanzi. Na harufu! Moshi, kibuyu, ng'ombe na chokoleti, vyote vikashikana mikono vikatoka mlangoni kuelekea uani.

Uani alikuwa amekaa mama mkwe, juu ya mkeka, mguu kwenye kigoda, anachambua mchele, mgongo kaupa mlango wa jiko.

"Nyie kuku," alisema kwa sauti ya kusikika, "mnasikia harufu hiyo?"

Kuku waliendelea kuparua. Mimi niliendelea kukoroga.

"Mimi naisikia. Hiyo ni samli yangu. Ya yule ng'ombe mwekundu. Kuku, mwulizeni huyo aliyeko jikoni, samli yangu imefanywa nini?"

Nikajibanza nyuma ya mlango, mwiko mkononi. Shemeji alikuwa amejifunika uso kwa gunia la unga.

"Mlango," nikasema, "sema imechanganywa na kakao."

"Kakao ndiyo nini?"

"Mlango, sema ni unga mweusi, mtamu."

"Ameiunguza!"

"Haijaungua, ndiyo rangi yake."

"Kuku wangu, tangu lini samli ikawa nyeusi bila kuungua? Ileteni hapa niione maiti yake."

Shemeji akaitwaa sufuria, akatoka, akaiweka juu ya mkeka. Mimi nikachungulia penye bawaba. Kwa heshima, jicho moja tu. Mama mkwe aliinama. Aliyatazama mafuta yanayoelea kama anayetazama ndama aliyevunjika mguu. Akachovya kidole, akakipitisha kwenye mafuta, akafika kwenye weusi wa chini. Akakipeleka mdomoni.

Uso wake sikuuona, niliona kisogo tu, na kisogo cha mama mkwe hakisemi kitu. Kidole kikarudi kwenye sufuria. Kikaenda mdomoni. Kikarudi tena, na safari hii kilikwangua.

"Mama," shemeji akasema polepole, "umekula chakula cha mkweo."

Nikaliona basi la Meatu likiondoka na kidonda kile.

"Nimekula samli yangu," alisema mama mkwe. "Maziwa nimekama mwenyewe, nimeyasukasuka mwenyewe, kibuyu nimekipakata kwenye basi mwenyewe. Toka lini mtu akalishwa na mkwe kwa samli yake? Hicho cheusi ni uchafu tu ulioingia."

"Na huo uchafu, mayu, mtamu?" shemeji akamwuliza mama yake.

"Nyamaza. Kuku, waambieni waweke sufuria kwenye beseni la maji ya mtungi. Samli ya moto haishiki kitu. Waiache ipoe ndipo waipige. Watu wa siku hizi, hata mafuta wanayaharakisha."

Tukafanya hivyo. Nilipiga kwa mwiko mpaka bega likaomba radhi, na kweli, ilivyozidi kupoa ndivyo ilivyoshikana, ikawa nzito, ikaanza kubaki na mifereji. Mama mkwe alipoona amri zake zinafuatwa akazidisha. Akawaambia kuku kwamba imepooza, iongezwe chumvi. Nilijua inatosha. Lakini mkwe hambishii mama mkwe, hata kupitia kuku. Nikaongeza. Akasema tena. Nikaongeza. Kakao hakuijua hata kidogo, ila alikuwa na maoni juu yake kama daktari wa mifugo.

Kwa hiyo Jumapili, chini ya turubai, tuliwaandalia wageni keki yenye krimu ya chokoleti iliyonukia moshi na iliyokuwa na chumvi ya kutosha kutibu ugonjwa wa kuhara. Mfanyakazi mwenzake mke wangu, mtu wa Tanga, alionja akauliza kwa adabu ya kwao hii ni ladha gani. Mke wangu akajibu ndivyo inavyopikwa Mwanza. Yule bwana akaomba kipande kingine, sijui kwa utamu au kwa uchunguzi.

Huyohuyo ndiye aliyekuwa mshereheshaji, na mambo ya huku hakuyajua. Alipomaliza kumlisha binti yetu na wazazi wa ubatizo, akashika kipaza sauti: "Na sasa, baba mwenye nyumba atamlisha mama mkwe wake kipande kitamu! Makofi!"

Makofi hayakuja. Wajomba wa mke wangu kutoka Lingeka wakaacha kutafuna. Nilisimama na uma wenye keki hewani, nikatamani cherehani yangu. Mke wangu akanishika shati kwa nyuma, sijui anivute au anishikilie.

Mama mkwe akajivuta kanga usoni. Pale hapakuwa na kuku, wote walikuwa kwenye pilau.

"Turubai," alisema kwa sauti, "mwambie huyo kijana mwenye spika kwamba keki hiyo ni yangu. Samli yangu. Mwenye chakula halishwi, anajichukulia."

Akainuka na mguu wake, akaenda mezani, akakata mwenyewe pande ambalo mimi nisingethubutu kumkatia mtu, akarudi akalila mbele ya ukoo mzima. Wajomba wakatazamana. Mmoja akasema, kama samli ni ya dada, basi hata yeye ni haki yake. Wakala. Nadhani ule ndio ulikuwa mkutano wa wazee, nao waliukalia hatimaye, kwa sahani mapajani. Mke wangu akanikanyaga mguu kwa nguvu. Kwetu hapa nyumbani hiyo ni shukrani.

Jumatatu alikwenda zamu ndefu. Nikapika maharage, nikatia samli, nikaweka sahani kizingitini, nikarudi nyuma ya mlango.

"Kuku, maharage hayo yana samli ya nani?"

"Mlango, sema ya Lingeka."

Sahani ilirudi nyeupe.

Tangu hapo hakuna kinachotoka jikoni kwangu bila samli. Mchicha, uji, wali, hata chai. Mteja mmoja ameniuliza kwa nini sare za mtoto wake zinanukia ng'ombe. Asubuhi mama mkwe husema "Mwangaluka" akielekea ndoo za maji, nami huitikia nikielekea cherehani, na siku inaanza. Kidonda kimepungua, nyama mpya imekuja pembeni, mke wangu amekipima kwa macho na safari hii sentensi zake anazimalizia.

Ila kibuyu nacho kikawa kinapungua. Nilianza kukiinamisha kwa hofu, kijiko nusu, kisha ncha ya kijiko. Halafu asubuhi moja nikawa nakwangua, na kibuyu kitupu hakina siri, kinasikika mpaka kwa jirani.

"Kuku," sauti ikatoka uani, "kibuyu kinalia."

Nilimwachia mlango.

"Waambieni wasihangaike. Nilishapiga simu. Kipo kingine, kikubwa, kimepanda basi la leo. Lakini dereva hafikishi mzigo majumbani." Akatulia, akachambua punje moja ya mchele kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. "Kwa hiyo, kuku wangu, mwambieni mwenye nyumba atoke."

Nikavua kanga, nikavaa viatu, nikavuka barabara. Nilirudi nyuma ya bodaboda nikiwa nimekipakata kibuyu kifuani kama mtoto, nikimwomba dereva aende polepole.