Nyasi za Ndama Kwenye Ramani

Gumato Waqo ana miaka ishirini na miwili. Anasomea maendeleo ya jamii katika chuo chetu hapa Isiolo mjini, na kila asubuhi ndiye wa kwanza kufungua chumba cha kompyuta. Anafagia, anapangusa vumbi kwenye meza, anafunika mashine ambazo hazitumiki. Hakuna aliyemtuma. Wanafunzi wapya husema dada huyu ana bidii. Mimi ni mlezi wa kundi lao la kujitolea na najua si bidii iliyomfikisha kwenye ufagio ule. Nitasimulia ilivyokuwa, kwa ruhusa yake, na sitampunguzia kosa lake wala kujipunguzia langu.

Kundi letu ni tawi moja la mtandao wa wanafunzi wa nchi kumi na moja. Wanafunzi wetu kumi na wawili husafisha matangi ya maji shuleni, hufundisha watoto wa wafugaji kusoma wakati wa likizo, na hupima uzito wa ndama ili wenye mifugo wajue mapema ni yupi anadhoofika. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hukusanyika mbele ya kioo kimoja cha kompyuta na kuzungumza na wenzao wa Ghana, wa Bolivia, wa Nepal, kila tawi likieleza limefanya nini na limekwama wapi. Ni kazi nzuri. Niliisifu wakati ule na naisifu hata leo.

Mwezi wa Julai mtandao uliamua kila tawi lichore ramani ya mali ya jamii yake: visima, zahanati, madarasa, malisho, chochote ambacho vijana wanaweza kukitegemea katika mipango yao. Kila sehemu iliyowekwa pamoja na picha yake ilipata nyota moja, na malisho mbili. Tawi lenye nyota nyingi lingetangazwa mwisho wa Agosti. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikawaambia waandike kila wanachokijua, wasifiche kitu. Maneno hayo ni yangu.

Gumato ni mtoto wa Biliqo, kule juu upande wa Merti. Mwezi ule ule alikwenda nyumbani kupima ndama, akafuatana na Erot Ekiru, kijana Mturkana wa Ngare Mara, mtaratibu, ambaye ndiye aliyekuwa na funguo za chumba cha kompyuta na ndiye aliyekifagia siku zile. Walifikia kwa Molu, mjomba wake Gumato. Molu alimpa Erot kibuyu cha maziwa, akamtazama akikimaliza, akamwambia Gumato kwamba huyu wamfunge kamba pamoja na ndama, la sivyo mama zao watabaki wakavu. Erot alijibu kwamba kwao Ngare Mara mgeni asiyemaliza hupewa kibuyu cha pili kwa adhabu. Molu alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo alimwita "ndama wangu mrefu."

Siku ya tatu Molu aliwachukua wote wawili nyuma ya vilima vya mawe meusi. Huko kuna bonde dogo, na ndani ya bonde nyasi zilikuwa zimefika magotini, wakati kila mahali pengine ardhi ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Waborana huita mahali kama hapo kalo, malisho yaliyofungwa. Tangu mvua zikome hakuna mnyama aliyeruhusiwa kuingia. Lingefunguliwa Septemba, jua likikaza, kwa ndama na ng'ombe waliodhoofika tu, na hao wangefika mvua za Novemba wakiwa hai. Halina ua wala mlinzi. Kinacholilinda ni kwamba halitajwi.

"Mkiulizwa huko kuna nini," Molu aliwaambia, "semeni kuna kupe."

Erot aliuliza, "Na wako kweli?"

"Wawili watatu hawakosi. Kwa hivyo hujadanganya."

Gumato alipiga picha moja kwa simu. Ilikuwa ya kujiwekea, alinieleza baadaye, na ninamwamini.

Ilipofika siku ya mwisho ya ramani, Isiolo ilikuwa ya pili. Nepal walituzidi kwa nyota moja. Adhuhuri ile Gumato alikaa kwenye kompyuta, akaingia kwa akaunti ya tawi, ambayo wote walitumia kwa nenosiri moja, akaweka bonde lile: picha, jina, na alama ya mahali penyewe. Erot alikuwa nyuma yake akingoja zamu ya mashine. Akamwuliza kama mjomba wake anajua.

"Hii ni ramani ya wanafunzi," Gumato alisema. "Nani atatoka Nepal aje kulisha ng'ombe Biliqo?"

Akabonyeza. Malisho yaliwekewa nyota mbili, na kwa mbili hizo tukawapita Nepal. Bimala, msichana anayeongoza tawi la Nepal, aliandika kwamba hajawahi kuona kijani kizuri namna ile katika nchi kavu. Mimi niliwanunulia soda.

Walioliona bonde hawakutoka Nepal. Ramani ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye simu, na wapo watu wanaoishi mijini, mbali na huku, wenye ng'ombe wengi wasiowachunga wenyewe, ambao kila kiangazi hutafuta majani kwa simu na kupeleka mifugo kwa malori. Katikati ya Septemba malori sita yalishusha ng'ombe nyuma ya vilima vya mawe meusi. Wachungaji waliokuja nao walionyesha simu na kusema mahali hapa pametangazwa. Kwa siku tisa nyasi zikaisha. Malori yakarudi kuwachukua.

Molu alimpigia Gumato simu. Alisema kuna mtu ametoa siri ya kalo, na wazee wameshajua ni nani: yule Mturkana. Aliongea kama mtu aliyeumizwa na mwanawe. Alisema alimpa maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Gumato alikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale, simu ikiwa sikioni. Alisema, "Pole sana, mjomba." Kisha akaenda chumba cha kompyuta akalifuta bonde kwenye ramani. Hapo kosa la mtu mwenye haraka likageuka dhambi ya mtu anayejua anachofanya.

Wiki ile ile lilitufikia neno la Mzee Ganya, anayepanga zamu za kunywesha kisimani Biliqo. Alikuwa amelisema mbele ya watu wote kwenye birika la kunyweshea mifugo: Erot asikanyage tena Biliqo, na kundi linalotembea naye lisije. Niliitisha kikao. Abdinasir, mwenyekiti wa wanafunzi, si kijana mbaya. Anapenda mambo yaishe. Alisema hatujui ni nani aliyeweka bonde lile, akaunti ni ya wote, lakini watoto wa Biliqo watakosa masomo, na kwa ajili ya amani tu Erot akae kando kwa muda, hata nafasi aliyokuwa amepewa ya kwenda mkutano wa matawi Nairobi apewe mwingine. Aliuliza wanaokubali wanyooshe mikono.

Mimi niliandika kumbukumbu. Mikono ilikuwa tisa. Wa Gumato ulikuwa wa tisa.

Nilimwuliza Erot kama ana la kusema. Alikuwa akiutazama mkono ule. Hakusema kwamba yeye siye, wala hakumtaja mtu. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya daftari langu, akatoka. Ningeuliza swali moja zaidi. Ningemwuliza kila mmoja wao, kwa jina, kama ni yeye. Sikuuliza, maana Mturkana kulaumiwa kwa malisho ya Waborana kulinielea haraka mno. Nimefundisha miaka kumi na minane juu ya chuki za makabila, na siku ile nilizipitisha kwa kura.

Gumato aliomba yeye ndiye apewe funguo. Alianza kufagia. Erot alipokutana naye uwanjani alimsalimu kama zamani, "Habari, Gumato," na Gumato akainamisha kichwa akapita. Aliniambia kwamba hata kwenye mkeka wa swala alikuwa akimaliza rakaa na kubaki amekaa, dua haitoki. Kila alipoanza kuomba, aliuona mkono wake uko juu.

Mwanzo wa Oktoba alipanda lori la mahindi linalokwenda Merti, akafika Biliqo kesho yake asubuhi. Alimkuta Molu zizini na ng'ombe mmoja mwekundu aliyelala ubavu. Wakati wa ukame ng'ombe aliyedhoofika hawezi kusimama mwenyewe. Lazima ainuliwe kila asubuhi, mmoja akishika mkia na mwingine pembe, na asipoinuliwa hafiki jioni. Molu aliitikia salamu yake bila kugeuka, akamwambia ashike mkia. Ndama wanne walikuwa wameshakufa. Wengine walikuwa wakitafuna maganda ya migunga yaliyookotwa.

"Mjomba," Gumato alisema, ameshika mkia, "si Erot. Ni mimi niliyeliweka."

Molu hakuachia pembe. "Inua," alisema.

Wakainua. Ng'ombe alisimama akitetemeka, na Molu akamwegemea ubavuni asianguke. Molu aliuliza, "Kijana aliyajua haya?"

"Aliniona nikiweka."

"Na akanyamaza."

"Ndiyo."

"Mimi nimemtukana mbele ya watu, Gumato. Nimesema maziwa yangu yamwagike tumboni mwake." Alipangusa uso kwa ncha ya shuka. "Kuniambia mimi hapa kati ya ng'ombe haitoshi. Lile neno lilisemwa wapi?"

"Kwenye birika."

"Basi twende huko."

Huo ndio utaratibu wao, nami nauheshimu: neno lililomwangukia mtu mbele ya birika, wakati mifugo inakunywa na watu wamekutana, haliondolewi nyumbani kwa sauti ya chini. Linaondolewa pale pale, mbele ya waliolisikia. Walingoja mpaka saa sita, zamu zilipokutana na watu wakawa wengi. Gumato alisimama penye matope akasema ni yeye, na kwamba Erot hakutoa siri yoyote.

Mzee Ganya alimtazama kutoka chini mpaka juu. "Wewe ni binti wa hapa hapa," alisema. "Walikupa nini?"

"Nyota, mzee."

"Nyota gani?"

"Za kwenye kompyuta. Mbili."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichota alicheka, na wengine wakafuata, kicheko kisicho na furaha. Mwanamke yule akasema, "Mwangalieni msomi. Zilete hizo nyota mbili, nina ndama wawili hawajala tangu jana." Gumato aliniambia kwamba afadhali wangempiga.

Mzee Ganya hakucheka. Alitangaza kwamba neno lake juu ya kijana wa Ngare Mara limeondoka, na kwamba ndama wa Molu mwenye madoa, akipona, ni wa Erot. Kwa Gumato alisema abaki mpaka mvua inyeshe, na kila asubuhi apite zizi kwa zizi akiinua wanyama walioanguka, hata wa yule mwanamke aliyemcheka. Alibaki wiki tano. Mitihani ya muhula ule ikampita. Nilipoulizwa na mkuu wa idara kama ningemwombea nafasi ya kuifanya baadaye, nilikataa, na yeye mwenyewe hakuomba.

Kabla ya kuanza kazi ile alinipigia simu akanieleza yote. Niliwaita wanafunzi, nikawasomea kumbukumbu za kikao kile kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikasema tumemkosea mtu, na mimi wa kwanza. Abdinasir ndiye aliyekwenda Ngare Mara kumwomba Erot arudi. Erot alirudi, na nafasi yake ya Nairobi akarudishiwa. Alisema amerudi kwa ajili ya watoto tunaowafundisha kusoma.

Gumato aliporudi Novemba, mikono imejaa malengelenge, alimfuata Erot mlangoni pa chumba cha kompyuta, akamnyooshea funguo. Nilikuwa ndani, nikasikia.

"Nilikuwa nakungoja," Erot alisema. "Siku ile ya kikao. Nilijua utasema. Halafu ukanyoosha mkono."

"Nilinyoosha."

"Nimeshakusamehe. Lakini nikikuona naona ule mkono kwanza, halafu ndiyo nakuona wewe. Kaa na funguo."

Mtandao wetu wa matawi umeandika kanuni mpya, na ni sisi tulioiomba: hakuna sehemu inayowekwa kwenye ramani kabla wenyewe hawajaulizwa na kukubali. Ni kanuni nzuri. Haikumfufua ndama hata mmoja.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba tulikaa mbele ya kioo kama kawaida, Gumato nyuma kabisa karibu na ufagio wake. Mazungumzo yalipoisha, Bimala wa Nepal aliuliza limekwenda wapi lile bonde la kijani. Alikuwa akiwaonyesha wenzake ramani na hakuliona tena. Aliuliza kwa upole, hajui lolote. Wanafunzi wote wakamgeukia Gumato.

Erot alisogea mbele ya kamera. Akajibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba mahali pale hapafai, wamepaondoa.

Bimala akauliza kwa nini.

"Kuna kupe," Erot alisema.

Gumato aliinama, akaanza kufagia wakati watu bado wamekaa.