Stempu Ndani ya Ndoo ya Mbegu

Gundi ya stempu ina harufu tamu kidogo, kama uji uliolala, na kila ninapoinusa narudi kijijini Hewani, mwaka ule mto Tana ulipofurika nikiwa darasa la tano. Niliishi na shangazi yangu, mkulima wa mpunga kando ya mto. Baba mdogo, aliyekuwa na kazi bandarini Mombasa, alikuwa ameniletea albamu ya stempu, na chini ya kila moja aliandika kwa penseli vifupisho vya wakusanyaji. Jioni nilimsomea shangazi kama mwalimu. FDC ni bahasha iliyogongwa muhuri siku stempu ilipotolewa. CTO imegongwa muhuri lakini haijasafirisha barua yoyote. "Basi hiyo ni kama mtu aliyevaa suti ya harusi na mchumba hana," alisema akicheka. MNH ndiyo bora: haijatumika, haijawahi kubandikwa popote, gundi yake ni kamili. Unyevu kidogo tu, nikamwonya, gundi inashika karatasi na stempu imekwisha. Shangazi akatazama juu ya meko, alikoning'iniza mbegu za mpunga zikauke kwa moshi. "Kumbe ni mbegu," akasema. Nikakubali, kwa sababu nilipenda anavyonisikiliza.

Maji yalipoingia uani, tulikuwa na ndoo moja tu yenye mfuniko wa kukaza, na mbegu zilikuwa tayari ndani yake. Nikaililia albamu yangu. Sikumwambia azimwage, hilo nimejiambia mara nyingi mno, kama wakili anayejitetea mwenyewe. Lakini nililia, naye akaumwaga mpunga kwenye gunia, akaitia albamu ndani ya ndoo, akagonga mfuniko kwa ngumi. Mtumbwini gunia likalowa. Tulikaa kambini upande wa Garsen hadi mpunga ukachipua humo humo guniani, kisha ukaoza. Ulikuwa mpunga aliorithi kwa mama yake, wenye harufu iliyowafanya majirani waulize tunapika nini. Hatujaupata tena.

Sasa nina shahada, sina kazi, nimerudi kwake, na stempu zangu bado ni MNH. Nimeangalia mtandaoni: za aina hiyo zimejaa tele, hakuna anayezitafuta. Kila sahani ya wali anayonipakulia naiona kama mashtaka. Wiki iliyopita, akipeta mpunga, nilishindwa kujizuia.

"Shangazi, ile siku ya mafuriko, kwa nini ulizimwaga mbegu?"

"We mtoto, bado uko huko?" Ungo haukusimama. "Mbegu niliomba kwa watu wa Idsowe, wakanipa. Stempu zako ningeziomba kwa nani?"

Nilitaka anilaumu, hata kidogo, ili nipate pa kuanzia kuomba radhi. Nikamsogelea. Akaniambia nisogeze mguu, nimekanyaga mpunga.