Nilifunga springi ya mashine ya kahawa kwenye shotgun yangu. Asante, Mama Anita

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wazee wetu mliomo humu shikamooni.

Hili limenikuta mwenyewe, huku Matiri, Mbinga. Sijaongeza chumvi. Sehemu ninazoonekana mjinga nimeziacha hivyohivyo.

Nalima kahawa na mahindi. Nina shotgun ya semi-auto, kibali ninacho, kazi yake ni kufukuza nguruwe pori wanaotumalizia mahindi.

Shida ilikuwa recoil, yaani ule mrudisho wa bunduki ukishapiga. Ilikuwa inanipiga bega kiasi kwamba kesho yake kunyanyua ndoo ya kahawa ni mtihani.

Kwa msiojua, sisi Wamatengo tunalima ngolo, yaani mashimo mlimani, na mahindi tunapanda kwenye matuta yanayozunguka shimo. Mimi nilikuwa napigia juu ya tuta, miguu imebanana, mgongo bondeni. Siku moja nilipiga nikajikuta nimekaa ndani ya shimo. Mke wangu, Mama Anita, alicheka mpaka jembe likamdondoka.

Nikaamua mchawi ni bolt, kile chuma kinachorudi nyuma na kwenda mbele kila unapopiga. Nikasema kinarudi kwa kasi mno, nikiweka springi ngumu kitatulia.

Fundi sikumtafuta. Nilichomoa springi ya mashine ya kumenyea kahawa, nikaikata, nikaipachika mahali pa ile ya bunduki.

Hapo ruksa kunicheka.

Asubuhi nguruwe walikuwa bado shambani. Risasi ya kwanza ilitoka, bega halikuuma hata kidogo. Nikajiona injinia.

Ya pili nikavuta trigger, kimya. Kuangalia, bolt imeishia njiani, haijafunga, na risasi iko ndani.

Nikainamisha uso nichungulie vizuri, huku nimeshaokota jiwe niigonge ifunge.

Mama Anita alikuwa anapalilia matuta ya pembeni. Hakupiga kelele. Alikuja, akanishika mkono wenye jiwe.

"Baba Anita, ukiharibu jicho, mimi la kukuazima sina."

Niliudhika, sitawaficha. Lakini jiwe nikaliweka chini.

Alimpigia simu mjomba wake wa Kingerikiti, mzee mstaafu wa jeshi, alikuwa fundi wa silaha huko. Mzee akaagiza niilaze chini taratibu, mdomo uelekee kwenye ukingo wa udongo, watu wakae mbali, na nisiiguse tena. Akapanda bodaboda kutuletea msaada. Alifika mchana, hata maji ya kunywa akasema yasubiri.

Alipoitoa ile risasi alinionyesha kitako chake. Kulikuwa na alama ndogo. Pini ya kufyatulia ilikuwa imeshaigonga, ila haikuwa na nguvu ya kutosha.

"Mkwe wangu," alisema, "hii ingewaka wakati bolt iko wazi, moto ungekurudia usoni."

Nilikuwa nimechungulia pale pale.

Kumbe springi ya zamani ilikuwa imechoka tu, ndiyo maana bolt ilikuwa inagonga nyuma kwa nguvu. Na ile yangu ya kahawa haikuwa saizi yake, ikabana njiani. Baadaye mzee alinisaidia kupata springi halali ya bunduki hiyo, akanitoa na juu ya tuta, akanifundisha kusimama sehemu tambarare, mguu mmoja mbele. Bega sasa limepona.

Siku ile alikula ugali na maharage, akarudi kwao. Kingine hakutaka. Namshukuru sana mzee yule, Mungu ampe umri.

Nilichojifunza: silaha ikikwama, uso ukae mbali, mikono itulie, aitwe anayejua. Na mke akikushika mkono, usiuvute.

Mama Anita nilimshukuru kwa mdomo wangu, kitu ambacho nyumbani kwetu wanaume hatuna mazoea nacho. Alinijibu nikamalize kupalilia.

Mafundi mliomo humu karibuni mnisahihishe, na wa kunicheka mcheke. Nitazisoma comments zote, tena kwa macho yote mawili.