Limau kwenye Meno ya Mwende

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwaka niliokuwa darasa la tano, chumba chetu cha Kangemi kilianza kunuka limau na vumbi la tofali. Mama alikuwa ameponda kipande cha tofali hadi kikawa laini kama unga. Alichovya nusu ya limau humo, akamketisha dada yangu Mwende karibu na taa ya mafuta, akamwambia afungue mdomo. Mwende alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya majaribio katika duka la vitambaa katikati ya jiji. Mwenye duka alipenda hesabu zake, lakini alimwambia wazi kwamba meno ya rangi ile yangefukuza wateja, na alimpa hadi mwisho wa mwezi ayasafishe. Baba alikuwa ameachishwa kazi ya bustani huko Loresho. Mwende akikosa nafasi ile, tungefungiwa nyumba kwa kukosa kodi.

Sisi watoto sote tulikuwa na madoa ya kahawia menoni, kama chai iliyomwagikia kitambaa cheupe. Jirani yetu, Mama Njoki, hakuchoka kutania. "Mwende, hayo ni meno ama ni mahindi choma?" Naye Mwende alimjibu, "Ni choma, Mama Njoki. Leta pilipili." Hakuna aliyeyashuku maji. Wazazi wangu walitoka Kitui, ambako mtu huchimba mchanga wa mto mkavu mpaka mikono ichubuke, na kwao maji yatokayo chini kabisa ndiyo maji ya kuaminika. Ya bomba yalinuka dawa. Mama alisema jiji halitii dawa kitu kisafi. Kwa hiyo miaka yote ya kazi yake Baba alijaza mitungi kwenye kisima kirefu cha mwajiri wake, akaileta nyumbani kwa baiskeli, na majirani walituonea wivu. Yalikuwa maangavu, bila harufu. Tulilelewa nayo tangu tulipoachishwa ziwa.

Mama alisugua kila asubuhi, kama linavyosuguliwa sufuria lililoungua. Wiki ya kwanza madoa yalififia kidogo, tukashangilia. Wiki ya pili Mwende hakuweza kunywa chai ya moto wala maji baridi, na upepo wa asubuhi ulimtoa machozi. "Mama, inauma mpaka kwa macho," alisema. "Vumilia, mwanangu. Tukiacha sasa tutakula nini?" Mama mwenyewe alikuwa analia, lakini mkono wake haukusimama. Siku chache kabla ya mwezi kwisha, Mwende aliuma punje ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, iliyopikwa usiku kucha, laini kabisa, na jino la mbele likamegeka. Alikitema kipande kiganjani, akakitazama. Mwenye duka alipomwona alimlipa siku zake na kumwambia asirudi. Alitembea kutoka mjini hadi Kangemi, kitambaa mdomoni. Mwezi uliofuata mwenye nyumba alitia kufuli lake kwenye mlango wetu.

Nilikuwa mtu mzima nilipopata jibu, katika kitabu cha kemia nilichonunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara mjini. Meno hujengwa kwa madini ya fosfeti ya jamii ya apataiti. Mwamba wa jamii hiyo hiyo huchimbwa ardhini kutengenezea mbolea, na kwa kuwa ni mgumu kuyeyuka, viwanda huumwagia asidi. Visima virefu vingi vya upande wetu vina floraidi nyingi, ambayo hupenya kwenye jino la mtoto likiwa bado linajengwa. Doa la namna hiyo limo ndani ya jino lenyewe. Haliondoki kwa kusugua. Limau ni asidi. Tulichomfanyia Mwende kinywani ndicho kinachofanyiwa mwamba kiwandani.

Siku hizi Kangemi yote imechimbwa visima, na wenye nyumba huandika langoni kwamba maji yao hayakatiki. Wanangu nimewanywesha ya bomba, dawa yake na yote, na meno yao ni meupe. Mama alifariki akiamini kwamba tuliacha kusugua mapema mno, nami sikumbishia. Mwaka jana, baada ya miaka ya kula upande mmoja, Mwende alikubali nimpeleke kwa daktari wa meno mjini. Ilikuwa imebaki mizizi tu mbele. Aling'olewa sita, akawekewa meno ya bandia, kwa shilingi elfu tisini na sita.