Samli kwenye Cherehani

Jumamosi, saa tisa na robo alasiri. Saa naijua kwa sababu redio ya Bibi ilikuwa imetoka tu kusoma matangazo ya vifo. Nilikuwa uani nafua sketi ya shule, Bibi anachambua maharage kwenye ungo. Baba mdogo Marwa akaingia, akasimamisha pikipiki, akasema mnunuzi wa chuma chakavu atapita hapa Matongo kesho asubuhi na guta lake la kubebea mizigo, na cherehani ya mama itaondoka naye.

“Shikamoo, baba mdogo,” nikasema. Hakusikia. Mimi nikiamkia watu huwa hawanisikii.

“Mama, lile dude limekufa,” alimwambia Bibi. “Gurudumu halizunguki hata ulipige teke. Kazi yake ni kulaliwa na kuku. Tukilitoa, huyu mtoto anapata godoro la kwendea bweni.”

“Ya kale ni dhahabu,” Bibi akajibu bila kuinua macho.

“Dhahabu iko Kewanja, mama, shimoni. Hii ni chuma tu.”

“Na nani amesema imekufa? Fundi?”

“Macho yangu yameona.”

“Macho yako ndiyo yaliyomnunua yule ng’ombe asiyetoa maziwa.”

Baba mdogo alicheka mwenyewe, maana yule ng’ombe ni kweli. Bibi akanigeukia. Akiwa na furaha huniita mke mwenza, kama mabibi wa huku wanavyotania wajukuu wao. “Na wewe unasemaje, mke mwenzangu? Itengenezwe au iende?”

Nikasema, “Sijui, Bibi.”

Ulikuwa uongo. Naandika hapa kwa sababu daftari hili halina mdomo. Nilikuwa najua kwa nini cherehani haizunguki. Niliiua mimi.

Ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika upande ule ambao mama alikuwa akiweka mkono. Baba aliinunua Sirari ikiwa tayari imetumika, akamletea mama, naye akawa anashona viraka vya maovaroli ya wachimbaji na sare za shule. Mimi niliamshwa na sauti yake kila siku kabla jogoo hajamaliza kuwika. Baba alipofariki, mama alikaa miaka miwili, kisha akarudi kwao Nata, kule Serengeti. Mimi nilibaki. Ng’ombe wa mahari walishatolewa, kwa hiyo mimi ni mtoto wa boma hili, na sijawahi kusikia mtu akiliuliza jambo hilo mara mbili. Cherehani nayo ilibaki. Mama akipiga simu, mimi husema “salama, mama, marahaba hapana, shikamoo,” nachanganya, kisha nampa Bibi simu haraka. Nikishampa ndipo maneno yanakuja.

Likizo iliyopita niliwaza nikiikanyaga tu, nitasikia ile sauti ya asubuhi. Ilikuwa nzito kidogo. Kopo dogo la mafuta ya mama lilikuwa tupu. Nikachukua mafuta ya alizeti jikoni nikamimina kila tundu nililoliona. Siku ile ilizunguka vizuri sana, mpaka nikalia. Nikaifunika. Niliporudi kuikanyaga baada ya wiki kadhaa, ilikuwa imeganda kama imeshikwa na mtu kwa ndani. Watu wakasema imezeeka. Nikawaacha waseme.

Baba mdogo alipoondoka, Bibi akasogeza ungo pembeni. “Acha hiyo sketi. Njoo ukae hapa.” Nikakaa kwenye kigoda. Haya yanayofuata ni maneno yake, nimejaribu kuyaweka kama alivyoyasema.

“Nakumbuka, mwanangu, mwaka ambao dada yangu Nyangi aliolewa. Mimi nilikuwa umri wako huu, miguu mirefu, akili fupi. Nyangi alikuwa amefundishwa kushona na masista, na baba yetu aliporudi kutoka kwenye mashamba ya chai alimnunulia cherehani. Ya mkono, siyo ya miguu kama hii. Kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Siku anaondoka na bwana harusi, amepakwa samli mpaka anang’aa, alinishika mkono akasema, ‘Nitunzie. Nikija kuwasalimia tutashona pamoja, nitakufundisha.’ Basi. Akaenda.

“Sasa mimi, mwanangu, nilikuwa na hamu ya dada yangu kama mtu anavyotamani maji. Tulikuwa tunalala ngozi moja. Nikawa naifuta ile cherehani asubuhi na jioni. Halafu nikawaza, kitu cha heshima kinatunzwaje? Kwetu sisi watu wa ng’ombe, mtoto akizaliwa anapakwa samli. Bibi harusi anapakwa samli. Ngozi ikikauka inalainishwa kwa samli. Nikachukua kibuyu cha mama, nikaipaka ile cherehani samli, ndani na nje. Samli nzuri kabisa, ya kuwekewa wageni.

“Unacheka? Cheka tu. Ilizunguka siku ile kama haigusi kitu. Nikasema, ona, mimi ndiye mtunzaji! Baada ya muda ikaanza kunuka. Siafu wakaja. Kisha ikakaza, ikawa jiwe. Na mimi nilifanya nini? Baba aliponiuliza, nilisema, ‘Sijui, Baba. Labda imezeeka.’”

Hapo Bibi aliniangalia. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

“Baba hakuwa mtu mbaya,” akaendelea. “Akaona, chuma kimekufa, mvua inakaribia. Akampa mfanyabiashara mmoja wa kupita, akapewa plau. Na ile plau, sitaki nikudanganye, ilitulisha. Tulilima, tulivuna, hakuna aliyelala na njaa mwaka ule. Usije ukafikiri nakuambia kila kitu cha zamani kishikiliwe mpaka nyumba ikose pa kupita. Kuna vitu vimechoka kweli, ukiving’ang’ania unachoka navyo. Lakini ile haikuwa imechoka.

“Nyangi alikuja baada ya mavuno. Ana mtoto mgongoni, na kwapani ana kitambaa cha bluu kimekunjwa vizuri. Hajakaa, hajanywa hata uji, anauliza, ‘Iko wapi?’ Nikamwonyesha plau. Mwanangu, hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alikirudisha kile kitambaa kwenye kikapu, akaweka viazi juu yake, akasema, ‘Basi, haidhuru.’ Akaongea mambo mengine. Alikuja mara mbili tatu tena, na hakuwahi kubeba kitambaa. Kisha akafa kwa uzazi, nami sikuwa nimemwambia.

“Sasa sikia mwisho wake. Nilikuwa nimeshaolewa, nina baba yako tumboni, tukaenda mnadani Mugumu. Barazani palikuwa na mzee anashona. Nikasikia ile sauti kabla sijaona. Nikasogea. Kwenye ubao wake palikuwa na alama ya moto ambapo Nyangi aliwahi kuweka pasi ya mkaa akiwa msichana. Nikamwuliza, ‘Mzee, shikamoo, hii uliitoa wapi?’ Akasema, ‘Marahaba. Niliinunua kwa mtu kama chuma. Ilikuwa haina ugonjwa wowote, ilikuwa imegandwa na samli. Niliiosha kwa mafuta ya taa siku mbili, nikaiwekea mafuta yake, ikaamka.’ Sijui aliona nini usoni kwangu, maana aliacha kushona akasema, ‘Huyo aliyeipaka samli alikuwa anaipenda. Ila upendo wake haukuuliza mtu.’

“Siku mbili, mwanangu. Siku mbili na mafuta ya taa ya kujaza kikombe. Na mimi nilikuwa nimempoteza dada yangu kwa neno ‘sijui’. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu nimempata, na majuto yalikuwa yameshanisubiri mlangoni.”

Bibi akaokota punje moja ya haragwe iliyooza, akaitupia kuku.

“Juzi niliinama chini ya ile cherehani kutafuta yai,” akasema taratibu. “Nimepika kwa alizeti miaka mingapi? Harufu yake ikilala naijua.”

Nikaanza kulia. Siyo kulia kwa heshima, kulia kwa makamasi. Nikamwambia yote, la kopo tupu, la siku ile ilipozunguka, la watu waliposema imezeeka. Nikamwambia hata lile ambalo nilikuwa bado sijaliandika humu ndani: kwamba nilifikiri ikilia tena asubuhi, mama atasikia huko Nata na atarudi.

Bibi alisubiri nimalize. Hakunibembeleza, aliniachia tu pembe ya khanga yake nijifute.

“Cherehani haimrudishi mtu, mwanangu. Mama yako akija, atakuja kwa miguu yake na sababu zake, na asipokuja, sababu anazo pia. Usiibebeshe chuma kazi ya binadamu. Lakini nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo nililotaka tangu baba yako mdogo alipoingia. Kabla hujaamua kama kitu kitengenezwe au kitupwe, jua kwanza kilichokisimamisha. Usiache kihukumiwe kwa uzee kama kosa ni lako. Ficha maradhi, kilio kitakuumbua. Sema ulichofanya wakati kusema bado kunasaidia, na usichokijua uliza, hata kama sauti yako ni ndogo kama ya inzi. Ukishasema kweli, tukaiosha, fundi wa Bomani kule mjini akaitazama akasema hii imekwisha, basi iende. Mimi mwenyewe nitampikia chai huyo mtu wa guta, na wewe utalalia godoro lake bila kugeukageuka. Ila isiende na uongo juu yake.”

Akanivuta karibu, akanitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki. “Mungu akupe mkono unaouliza kabla haujagusa. Ukikosea, mdomo wako usiwe mzito. Na kila utakayeachana naye njiani, siku mkikutana tena, akukute mkweli. Haya, kamalizie sketi, jua linakwenda.”

Leo Jumapili asubuhi guta lilikuja kabla hatujanywa chai. Mnunuzi na baba mdogo walikuwa tayari wameishika miguu ya cherehani, mmoja huku, mmoja kule. Nikasema, “Baba mdogo.” Hawakusikia. Nikasema tena kwa nguvu mpaka kuku wakaruka, “Baba mdogo, nilitia mafuta ya alizeti! Ni mimi!”

Wakaiweka chini. Baba mdogo akanigeukia. “Ya kula?”

“Ya kula.”

“Kwani ulitaka kukaanga maandazi humo?” Mnunuzi akacheka mpaka akakaa kwenye guta. Mimi mashavu yalikuwa yanawaka, lakini nilibaki nimesimama. Baba mdogo akatikisa kichwa, akamwambia mnunuzi, “Mura, kijana, nenda tu. Huyu mtoto bado ana kesi na hiki chuma.” Kisha akaniambia nisahau habari ya godoro jipya, nitakwenda bweni na lile la zamani lenye shimo katikati. Nikasema sawa. Ni sawa kweli.

Akatusaidia kufungua kichwa cha cherehani, tukakilaza kwenye beseni, Bibi akaleta mafuta ya taa. Nilichukua unyoya wa kuku nikaanza kusafisha. Utandu wa njano ulitoka kama gundi. Gurudumu bado halijazunguka. Bibi amesema ni siku mbili, na Jumanne baba mdogo atakipakia kwenye pikipiki kwenda kwa fundi Bomani akitazame.

Halafu nilinawa mikono, nikamwomba Bibi simu. Alinipa bila kuuliza. Nikaenda nayo nyuma ya zizi, nikampigia mama mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kuna nini? Bibi anaumwa?”

“Haumwi. Nilitaka kuuliza. Lile kopo lako dogo. Ulikuwa unaitia cherehani mafuta gani?”

Nikatazama kioo cha simu, nikidhani mtandao umekata. Kisha mama akauliza polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto aliyelala,

“Bado ipo?”

“Ipo, mama,” nikasema. “Imeganda tu.”